Msimfungie Mtoto Ndani Mwezi Unapopatwa

Haya ni maneno niliyozungumza Januari 2026 mbele ya wazazi na walezi wa watoto wa darasa la awali, hapa Dodoma. Mvua ya siku ile iliwazuia wengi kufika, na tangu hapo nimekuwa nikiombwa niyaandike. Nimeyaweka yote kama nilivyoyasema. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani sikuziweka.

Mbukwenyi!

Mwenyekiti wa kamati ya shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Nawashukuru mliofika. Najua hiki ni kipindi cha palizi, na najua wapo waliotoka Nzuguni na Ntyuka kwa bodaboda huku wakinyeshewa. Nawaona pia akina mama mliokuja na watoto mgongoni. Wakilia msitoke nao nje. Leo tunazungumza habari zao.

Nimeombwa niseme namna ya kumfundisha mtoto mdogo sayansi akiwa nyumbani. Nimefundisha shule ya msingi karibu miaka thelathini, na ningeweza kuwasomea orodha ndefu ya mambo. Sitafanya hivyo. Nataka kuzungumza juu ya mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nzito, wa nyumba ya babu yangu, tembe ya Kigogo, kule Mvumi. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Februari 1980. Nilikuwa na miaka saba. Siku kadhaa kabla ya hapo watu wazima walikuwa wananong'ona kwamba jua litapatwa, na kila aliyeieleza habari hiyo aliongeza lake. Atakayetazama atapofuka. Mjamzito atakayetoka atazaa mtoto mwenye alama. Maji yaliyoachwa wazi yasinywewe. Asubuhi ile, kwenye saa nne, watoto wote tukaitwa. Tulikuwa wajukuu tisa. Tukaingizwa chumba cha ndani, kile walimolazwa ndama usiku, tundu la hewa likazibwa kwa gunia, na mlango ukafungwa kwa nje.

Mnajua ninachokumbuka? Nakumbuka mstari wa mwanga chini ya ule mlango. Upana wake ulikuwa kama wa kidole. Nililala kifudifudi nikautazama. Kwanza ulikuwa mweupe, mweupe wa mchana wa Februari. Halafu ukawa kama maji ya majivu. Halafu ukafifia hata nikawa navitafuta vidole vyangu. Nje niliwasikia kuku wakipiga mabawa, wanapanda kulala. Ng'ombe walinyamaza. Mtu akaanza kupiga debe, mwingine akaitikia kwa sufuria, na shangazi yangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiogopa kitu, alikuwa analia. Mdogo wetu kuliko wote alinikojolea mguuni. Hakuna aliyesema neno.

Kisha ule mstari ukarudi kuwa mweupe. Mlango ukafunguliwa. Nikatoka mbio, nikatazama kila upande. Kila kitu kilikuwa kilekile. Mbuyu upo, mbuzi wapo, jua lipo. Nikamuuliza shangazi, "Kilikuwa nini?" Akanijibu neno moja: "Kimepita."

Kimepita!

Nilikuja kujua nilipokuwa chuo cha ualimu. Siku ile kivuli kizima cha mwezi kilivuka Tanzania, kikaingia Kenya, kikapita bahari mpaka India. Mahali kilipodumu zaidi, mchana uligeuka usiku kwa dakika nne na sekunde chache. Watu walipanda ndege kutoka Ulaya na Marekani, wakabeba vyombo vyao mpaka Kenya, ili wakione. Mimi kilinijia nyumbani. Hata pale Mvumi, ambapo jua halikufunikwa lote, mchana ulififia kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena. Na sikuiona hata siku hiyo. Nilikuwa nimelala juu ya samadi ya ndama, natazama chini ya mlango. Sasa nina miaka hamsini na mitatu, na jua lililopatwa lote bado sijaliona.

Je, nawalaumu? Hapana. Walitufungia kwa sababu walitupenda. Lakini wazazi wenzangu, hebu fikirini yule mtoto alijifunza nini chumbani mle. Hakujifunza neno juu ya jua wala juu ya mwezi. Alijifunza kwamba kuna mambo ambayo watu wazima wanayaogopa kiasi cha kulia, na kwamba ukiyauliza unaambiwa yamepita. Mimi usiku niliogopa kwenda chooni kwa miaka miwili.

Sasa niwapeleke miaka sita mbele. Nyumba ileile, mtu mwingine.

Aprili 1986 redio ilikuwa inatangaza habari za nyota yenye mkia, ile inayoitwa nyota ya Halley. Hii huja na kuondoka, na mzunguko wake huchukua miaka 75 au 76 hivi. Mwingereza Edmond Halley ndiye aliyepiga hesabu akagundua kwamba nyota zilizoonekana 1531, 1607 na 1682 ni moja ileile, akasema itarudi mwaka 1758. Alifariki mwaka 1742. Ilirudi kweli, yeye hayupo, ikaonwa na watu aliowaachia habari. Safari hii ya 1986, sisi wa huku kusini ndio tulioiona vizuri kuliko watu wa Ulaya.

Babu yangu alikuwa na miaka themanini na kitu. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho. Usiku huo aliniamsha mimi peke yangu, sijui kwa nini mimi, akanishika mkono, tukapanda juu ya tembe kwa ngazi ya gogo. Wale mnaoijua tembe mnajua: paa lake ni bapa, la udongo, watu wanaanika juu yake mtama. Udongo ulikuwa bado na unyevu wa mvua. Tukakaa. Akaniambia nitazame kusini.

Niseme kweli, haikuwa kubwa. Nilitarajia moto. Nilichokiona kilikuwa kama kijipande cha pamba iliyochambuliwa, kimebandikwa kati ya nyota. Nikamwambia, "Babu, ni hiki tu?" Akacheka. Akasema, "Safari ile mkia wake ulikuwa mrefu. Nayo imezeeka kama mimi."

Safari ile! Babu alikuwa ameiona mwaka 1910. Alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi, enzi za Mjerumani. Alfajiri moja mama yake alimtoa nje, akamwonyesha. Nikamuuliza kama mama yake hakuogopa. Na jibu alilonipa ndilo lililonileta mbele yenu leo. Alisema, "Aliogopa sana. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, nikausikia. Lakini alinitoa nje."

Mama yule hakuwahi kukanyaga darasa. Hakujua jina la Halley. Hakuwa na jibu hata moja. Aliogopa, na bado akamshika mtoto mkono akamtoa nje. Na yule mtoto, miaka 76 baadaye, akiwa na jicho moja zima, alipanda juu ya tembe na mjukuu wake.

Nikamuuliza babu swali lililokuwa linanikera tangu 1980: mbona alituacha tufungiwe? Akasema, "Siku ile nilikuwa mnadani." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Nilipofika nikaambiwa mmelala."

Wazazi wenzangu, tusielewane vibaya. Mimi sisemi kwamba watu wazima wa 1980 walikosea kila kitu. Walisema jua linapofusha. Ni kweli, linapofusha. Nyuma ya jicho kuna utando laini unaopokea mwanga, unaitwa retina, na retina haisikii maumivu. Mtoto anaweza kuliunguza jicho lake huku anacheka. Saa kadhaa baadaye ndipo anaona doa katikati ya kila anachokitazama. Siku za kawaida ukali wa jua wenyewe unatulazimisha kufumba macho. Jua likimegwa mwanga unapungua, jicho linadanganyika, mtoto anakodoa. Hapo ndipo penye hatari.

Nawapa mfano wa Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016. Wengi mnaikumbuka. Watu walimiminika Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kwa sababu pale jua lilionekana kama pete: mwezi katikati, moto ukingoni. Hapa Dodoma halikuwa pete, lakini lilimegwa sehemu kubwa. Nilikuwa na darasa la pili. Miwani maalumu hatukuwa nayo hata moja. Nikatoka na watoto uwanjani, na kabla sijamaliza kuwapanga nikamwona mvulana mmoja amenyanyua kipande cha filamu ya eksirei, eksirei ya kifua cha bibi yake, amekiweka machoni. Moyo ulinipasuka. Nikakichukua. Sikumpiga, wala sikumrudisha darasani. Nilimshika mkono nikamwambia, "Njoo nikuonyeshe jua chini."

Kulikuwa na mwembe. Wakati ule ilikuwa inakaribia saa sita, jua liko utosini, na chini ya mwembe huwa pana vidoa vya mwanga vinavyopenya kati ya majani. Siku zote ni viduara. Siku ile vilikuwa hilali. Hilali mamia kwa mamia, juu ya mchanga, juu ya mashati ya watoto, juu ya vichwa vyao. Kila upenyo mdogo kati ya majani ulikuwa unachora picha ya jua chini. Binti mmoja alifungua kiganja, hilali ikakaa humo. Akafumba ngumi haraka kuikamata. Alipoona imehamia juu ya vidole vyake, alicheka mpaka akakaa chini. Yule wa eksirei alikwenda kwenye kila kivuli cha uwanja akihesabu.

Basi kwa jua kanuni ni hii, na nawaomba mwifuate bila kulegeza: ama miwani maalumu ya kutazamia jua, ile yenye alama ya ISO 12312-2 na isiyo na mkwaruzo, ama mnaligeuzia jua mgongo na kutazama picha yake chini. Toboa katoni kwa sindano, mwanga upite, uangukie karatasi nyeupe. Eksirei hapana. Miwani ya fasheni hapana. Kioo kilichofukizwa moshi hapana. Na beseni la maji, ambalo wengi wetu tumelelewa nalo, nalo hapana. Maji hupunguza ukali tu, jicho bado linapokea jua.

Lakini mwezi! Mwezi ni jambo jingine kabisa. Mwezi ukipatwa, mtazame kwa macho makavu, mtazame usiku kucha, mtazame na mtoto wa miezi mitatu. Mwanga wake haumuunguzi mtu. Na nasema hili kwa nguvu kwa sababu Septemba mwaka jana niliona milango imefungwa tena, hapa hapa mjini, na watoto wakivutwa ndani.

Jumapili ile, tarehe 7 Septemba 2025, Mungu alitupa zawadi ya ajabu. Kupatwa kwa mwezi mara nyingi hutokea usiku wa manane au alfajiri, wakati mtoto mdogo yuko usingizini. Safari hii mwezi ulianza kumegwa saa 1:27 usiku. Ulifunikwa wote saa 2:30, ukakaa humo dakika 82. Saa 1:27 usiku, ndugu zangu! Ni muda wa kula ugali. Tena ni Septemba, kiangazi chetu, wala mvua hakuna.

Nina mjukuu wa kiume ninayeishi naye. Alikuwa na miaka mitano. Nilimlaza mchana, akagoma, akalala. Tulikula mapema. Nikatandika mkeka uani, nikachukua blanketi kwa sababu upepo wa Dodoma mnaujua, nikaweka chai ya tangawizi kwenye chupa na karanga kwenye bakuli. Mwezi ulipanda mzima, mpevu, juu ya ukuta wa jirani. Nikamwambia, "Leo utaliwa." Sikumwambia na nini.

Ulianza kuliwa kwa chini. Kwanza kama uchafu ukingoni, kama mtu ameugusa kwa kidole chenye masizi. Mjukuu hakuona kitu, akarudi kwenye karanga. Muacheni mtoto arudi kwenye karanga! Hili ndilo kosa tunalofanya sana. Tunataka mtoto akae kama mzee barazani. Mwezi unapatwa polepole, zaidi ya saa nzima mpaka ufunikwe. Mtoto wa miaka mitano atatazama dakika mbili, atamfukuza paka, atarudi. Kila akirudi atakuta umepungua, na kila mara atapiga kelele. Wangu alipiga kelele mara tano.

Ulipofika nusu akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Bibi, nani anaula?"

Mimi mtoto wa 1980 niliulizwa swali nililolisubiri maisha yangu yote. Nikamwambia, "Ni sisi. Ni kivuli chetu. Jua limezama nyuma yetu kule, linaimulika dunia, na kivuli cha dunia kinakwenda mbali sana mpaka mwezini. Unachokiona pale ni kivuli cha hapa tulipokaa."

Alifikiri kidogo. Halafu akaenda katikati ya ua, akaunyoosha mkono wake juu kabisa, akaupunga. Akaupunga taratibu, kushoto, kulia, anautazama mwezi. Alikuwa anatafuta kivuli cha mkono wake.

Sikuwa na la kusema. Kutoka hapa mpaka mwezini ni wastani wa kilomita 384,400. Nilikaa kwenye mkeka nikalia.

Akaniuliza kwa nini ukingo wa kivuli umepinda. Nikamwambia kwa sababu dunia ni ya mviringo. "Kama chapati?" Swali zuri hilo, msilicheke. Nilikimbia jikoni, chapati haikuwepo, nikachukua mfuniko wa sufuria na chungwa, nikawasha tochi ya simu. Tukamulika ukutani. Mfuniko ukiuelekeza kwenye tochi unatoa kivuli cha duara. Ukiulaza, kivuli kinakuwa mstari kama fimbo. Chungwa ligeuze utakavyo, kivuli chake ni duara tu, duara tu. Ndivyo ilivyo dunia: kila mara mwezi unapopatwa, ukingo wa kivuli ni wa mviringo. Mgiriki Aristotle alitumia hoja hiyohiyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mjukuu wangu aliielewa kwa chungwa na tochi, kisha akala chungwa.

Saa 2:30 mwezi ukazama wote kivulini. Na mnajua haukupotea. Uligeuka rangi ya kaa linalokaribia kuzimika. Chini yake mbali kidogo ilikuwepo sayari ya Zohali, imetulia. Mbwa wa mtaa walikuwa wamenyamaza, au labda ni mimi sikuwasikia. Mjukuu akaja akaingia ndani ya blanketi langu. Hapo aliogopa. Kwa nini uwe na damu?

Nikamuuliza, unakumbuka jua la jioni tulipokuwa tunarudi kutoka Bahi, lilivyokuwa jekundu barabarani? Anakumbuka. Nikamwambia, mwanga wa jua ukipita kwenye hewa ya dunia, rangi ya buluu hutawanyika njiani, nyekundu hupenya. Saa hii duniani kuna mahali jua linazama, na mahali pengine linachomoza, pande zote za dunia kwa pamoja, na mwanga wa machweo yote hayo na mapambazuko yote hayo umepinda ukaangukia kwenye mwezi wetu. Hiyo si damu. Ni jioni za watu wengine. Akatulia. Sidhani alielewa yote, ila alisikia sauti yangu haitetemeki.

Jirani yangu alikuwa anarudi kutoka msikitini, wameswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Akasimama getini akamsalimia mtoto, akamwambia habari nyingine tamu: kwamba Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua lilipatwa siku hiyo, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba, naye akawakataza, akawaambia jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Mimi ni Mkristo, na niliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Babu wa jirani huyu na babu yangu wote wangeyahitaji mwaka 1980.

Kuna jambo moja lililoniuma. Upande wa pili wa ukuta walikuwepo vijana sita au saba, na watoto wao, na wote wakubwa walikuwa wameinua simu. Mnajua mwezi unavyotoka kwenye simu ya kawaida: kidoa, kama kioo kina vumbi. Mtoto mmoja alikuwa anavuta sketi ya mama yake, "Mama, mama, mama", na mama anasema subiri kidogo. Nawaombeni, simu iwekeni mfukoni. Picha nzuri zipo, wenye kamera kubwa watazipiga, kesho mtazipata. Mtoto anayevuta sketi usiku ule hatavuta tena kesho.

Wangu alilala saa tatu na kitu, kabla mwanga haujarudi. Nilimbeba nikamwingiza ndani, nikatoka tena peke yangu. Saa 3:52 mwanga ukarudi, kwa chini, palepale ulipoanza kuliwa. Asubuhi alipoamka neno lake la kwanza lilikuwa, "Bibi, waliurudisha?"

Mtaniuliza: sasa sisi tumeikosa, tufanye nini? Chukueni kalamu.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kaskazini mwa Afrika, na kule Luxor, Misri, giza litazidi dakika sita. Huku kwetu litamegwa sehemu tu, mchana. Mwembe wenu mnao, katoni mnazo.

Tarehe 31 Desemba 2028, mkesha wa Mwaka Mpya, mwezi utapatwa wote. Hapa Dodoma utachomoza ukiwa tayari umeanza kumegwa, na kati ya saa moja na robo na saa mbili na nusu usiku utakuwa mwekundu. Ni msimu wa mvua, ombeni mawingu yaachie. Wanaokwenda kanisani kukesha watauona wakiwa njiani na watoto wao.

Halafu Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, jiwe la angani liitwalo Apophis, lenye upana wa zaidi ya mita 300, litapita kilomita 32,000 hivi kutoka usoni mwa dunia. Haya madishi ya ving'amuzi kwenye mapaa yetu yanaelekezwa kwenye setilaiti zilizo mbali zaidi ya hapo. Halitatugonga, wataalamu wamepiga hesabu na wana hakika. Afrika ni miongoni mwa sehemu litakapoonekana kwa macho matupu, kama nyota hafifu inayotembea. Kwa hili msikae mjini. Taa za Dodoma zimeongezeka, na ninafurahi kwa hilo, mji unakua, lakini kitu hafifu kitamezwa nazo. Nendeni Hombolo, nendeni Mvumi, nendeni kwa babu na bibi zenu ambako bado kuna giza.

Na mwaka 2061, katikati ya mwaka, ile pamba ya babu yangu itarudi. Mjukuu wangu atakuwa na miaka arobaini. Nimemwandikia kwenye daftari lake la kwanza, ukurasa wa mwisho: 1910, 1986, 2061. Bado hajui kusoma tarakimu zote. Anajua kwamba kurasa nyingine ni za kuchora, ule si wa kuchora.

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi ni hili: mwalimu, mimi sikusoma, mtoto akiniuliza nitajibu nini? Mwambie, "Sijui, tutauliza." Kisha muulize kweli, mje shuleni, sisi tupo. Mtoto haumii kusikia kwamba mama hajui. Mimi niliumia kuambiwa kimepita.

Naona mvua imekata. Sikupanga kusema hili, lakini nimechungulia dirishani na upande wa mashariki mawingu yamefunguka, na ile nyota kali kuliko zote iliyoko pale ni Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu. Juu kabisa, upande wa kaskazini, yakiondoka hayo mawingu madogo mtaona kishada cha nyota zilizobanana. Hicho ni Kilimia. Wazee wa pwani walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwa hicho walijua wakati wa kulima. Hesabuni na watoto wenu mmoja mmoja. Wengi huona sita. Mwenye macho ya mtoto huenda akaona zaidi, mumsikilize.

Tutoke wote. Wenye watoto mgongoni wafungueni, waliolala waamsheni taratibu. Kila mmoja ashike mkono wa mtoto, na asiye na mtoto hapa ashike wa jirani. Kuna madimbwi, angalieni mnapokanyaga.

Mwalimu wa zamu, tafadhali, tuzimie taa za uwanjani.